Mazungumzo Yasiyohesabiwa: Majarida ya Sayansi ya Afya na Zana za Mitandao ya Kijamii

Wiki ile ya Aprili 2024 ambayo wasichana wa miaka 9 hadi 14 walikuwa wakichanjwa nchini kote dhidi ya virusi vya HPV, kwa dozi moja badala ya mbili, tabibu mmoja wa kituo cha afya kilicho kando ya ziwa, ng'ambo ya kivuko kutoka Mwanza mjini, alinionyesha simu yake. Katika kundi la WhatsApp la watumishi wa afya wa wilaya yao palikuwa na faili la PDF lenye jina lisilosomeka, mlolongo wa herufi na tarakimu, lililotumwa na mtu aliyelipata kwa mtu mwingine. Chini yake muuguzi mmoja alikuwa ameandika: “Wakuu, kwa hiyo binti akishapata hii moja harudi tena? Wazazi wanauliza huku shuleni.” Tabibu alikuwa amemjibu: “Sista, fungua pale kwenye matokeo. Hao mabinti ni wa hapa hapa Mwanza.” Majibu yakafuatana mpaka usiku, mengine ya maana, mengine emoji za makofi.

Faili hilo lilikuwa makala ya utafiti uitwao DoRIS, uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa umri huo huo, ambao waligawanywa kwa bahati nasibu wapate dozi moja, mbili au tatu. Baada ya miezi 24, zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja tu walikuwa bado na kingamwili dhidi ya aina ya 16 na ya 18 za virusi hivyo, aina mbili zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika The Lancet Global Health, jarida ambalo tangu lianzishwe mwaka 2013 halimtozi msomaji chochote. Makala hiyo ilikuwa na bahati ambayo wenzake wengi hawana: iko wazi kwa wote, inawahusu watu wa hapa, na imefika kwenye simu ya mtu anayeshika sindano. Lakini ukiuliza mfumo wowote ambao majarida huutumia kupima namna makala zao zinavyojadiliwa mitandaoni, mjadala wa jioni ile haumo.

Ili kueleza kwa nini haumo, sina budi kuanza na zana zenyewe. Mitandao ya kijamii inapotajwa pamoja na majarida ya kitaaluma, wengi wetu hufikiria Facebook na X (zamani Twitter), kurasa ambako mhariri huweka kichwa cha makala na kiungo chake. Wahariri wa majarida ya afya walioanza kulizungumzia jambo hili, katika miaka ya baada ya 2004, walikuwa na mengi zaidi akilini. Walikuwa na zana za kumpelekea msomaji makala mpya bila yeye kuifuata, zana za kumwezesha msomaji kujibu papo hapo chini ya makala, zana za watafiti kuhifadhi na kuonyeshana walichosoma, na baadaye kidogo, zana za kuhesabu hayo yote. Makundi haya manne hayakupata mafanikio sawa, na kushindwa kwa moja kulisukuma mengine.

Watu husema majarida yalichelewa kuingia katika mitandao ya kijamii. Mimi naona kwamba jarida la kitaaluma lilizaliwa kutokana na mtandao wa barua. Philosophical Transactions, lililoanza London mwaka 1665, lilitoka mikononi mwa Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupokea barua za wanasayansi kutoka pande nyingi za Ulaya na kuwaeleza wengine yaliyomo. Majarida ya tiba yaliyofuata, New England Journal of Medicine la mwaka 1812 na The Lancet la mwaka 1823 yakiwemo, yaliirithi tabia hiyo. Kurasa za barua kwa mhariri ndiko walikojibizana madaktari, na katika historia ya tiba baadhi ya barua hizo zimekuwa na uzito kuliko makala zilizokuwa zikijibiwa.

Kasoro ya mtandao ule ilikuwa mwendo wake. Mfano tunao hapa nyumbani. Agosti 1995, The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika jamii 12 za Mkoa wa Mwanza, zilizopangwa jozi sita. Kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia ya afya ilishtuka kwa furaha. Kisha mwaka 1999, jarida hilo hilo likachapisha matokeo ya Rakai, upande wa Uganda wa ziwa hili hili, ambako watu wote walipewa dawa za magonjwa hayo kwa awamu, wenye dalili na wasio nazo, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Je, Mwanza ilikosea? Je, Rakai ilichelewa, kwa kuwa kule janga lilikuwa limekwisha kukomaa? Je, ni tofauti kati ya kumtibu mwenye dalili anapokuja na kumfuata kila mtu nyumbani kwake? Hoja hizo zilipishana kwa miaka, kwa barua na tahariri zilizosubiri toleo lijalo, wakati wanakijiji waliotolewa damu walikuwa hawana hata habari kwamba kuna ubishi juu yao.

Hapo ndipo mtandao ulipoonekana kuwa dawa. Mwaka 1998 jarida la Uingereza la BMJ lilianza kuchapisha majibu ya wasomaji kwenye tovuti yake bila kusubiri toleo la karatasi, na utaratibu huo upo hadi leo. Wasomaji wengi hudhani ni sehemu ya maoni kama ya gazeti, na siyo. Mwandishi hutoa jina lake kamili na mahali anapofanya kazi, mhariri huisoma barua kabla haijatoka, na barua nzuri inaweza kuchukuliwa ikachapishwa katika toleo lenyewe. Kwa mtafiti maana yake ni kwamba muda alioutumia kuandika unaweza kumrudia kwa namna ya kitu anachoweza kukionyesha. Hilo ni jambo la kulikumbuka, kwa sababu karibu kila jaribio lililofuata lilisahau kumlipa mtoa maoni.

Zana za kupeleka habari hazihitaji maelezo marefu. Kwanza zilikuja taarifa za barua pepe, kisha milisho ya RSS, yaani orodha inayojisasisha ya makala mpya ambayo msomaji huichota kwa programu yake, kisha podikasti za wahariri, kisha kurasa za Facebook na Twitter. Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni ikisiri ya picha, ambayo jarida la Annals of Surgery lilianza kuitumia mwaka 2016: swali la utafiti, idadi ya wagonjwa na tokeo kuu vinachorwa katika kadi moja inayosomeka kwenye kioo cha simu. Jaribio la jarida hilo hilo lilionyesha kwamba ujumbe wa Twitter wenye kadi ulivuta wasomaji kwenye makala karibu mara tatu ya ujumbe wenye kichwa cha makala pekee. Ukiona picha ya namna hiyo imebandikwa ukutani katika chumba cha mikutano ya asubuhi hospitalini, basi imeshatoka mtandaoni ikashuka kwenye karatasi, nayo ni safari ambayo wabunifu wake sidhani kama waliifikiria.

Zana za kuhifadhi kwa pamoja zimekufa zaidi ya nusu. Connotea, iliyoanzishwa na wachapishaji wa jarida la Nature mwishoni mwa mwaka 2004, ilifungwa mwaka 2013. CiteULike ya mwaka huo huo wa 2004 ilizimwa mwaka 2019. Mendeley ilinunuliwa na Elsevier mwaka 2013, na wanafunzi wengi wanaoitumia leo wanaitumia kupanga marejeo ya tasnifu tu, wala hawajui kwamba iliwahi kukusudiwa kuwa baraza la wasomaji.

Penye utajiri wa mambo ni kwenye maoni. Nature lilijaribu mwaka 2006 kuweka makala zilizowasilishwa hadharani ili wanasayansi wazihakiki waziwazi. Kati ya makala 1,369, waandishi wa makala 71 tu ndio waliokubali, na 33 kati ya hizo hazikupata hata neno moja. PLOS ONE, lililoanza Desemba mwaka huo huo, liliweka nafasi ya maoni na alama chini ya kila makala, na nafasi hizo nyingi zimebaki tupu. Mwaka 2013 maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani ilifungua PubMed Commons, ambapo mtu yeyote mwenye makala katika hazina ya PubMed aliruhusiwa kutoa maoni juu ya makala nyingine yoyote kwa jina lake halisi. Ilipofungwa mwaka 2018, makala zilizokuwa zimepata maoni zilikuwa kama 6,000 kati ya milioni 28.

Nimewahi kuuona ukimya huo kwa macho yangu. Kwa miaka michache nilisaidia kuendesha tovuti ya jarida dogo la afya, ambalo sitalitaja, na mhariri wetu alikuwa na matumaini makubwa na kisanduku cha maoni tulichokiweka. Kila Jumatatu nilikifungua. Nilikuta watu wanaouliza ada ya chuo, wanaotafuta ajira za ukarani, na matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Maoni ya kitaalamu niliyoyapokea yalikuja kwa njia nyingine kabisa: simu. Daktari mmoja alinipigia kuniambia kwamba katika jedwali la pili la makala fulani jumla ya safu haikuwa sawa na idadi ya wagonjwa waliotajwa juu yake, akaongeza haraka, “Lakini usiweke jina langu, yule ni mwalimu wangu.” Tulimwandikia mwandishi, makala ikasahihishwa, na tovuti haikuonyesha popote kwamba kuna msomaji aliyegundua.

Ni rahisi kusema tatizo ni adabu zetu, kwamba daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo hawezi kumkosoa hadharani profesa ambaye kesho atamsainia fomu. Sehemu ya kweli imo, kwa kuwa mtu aliyelelewa kumwamkia mkubwa kabla ya kusema shida yake hawezi kugeuka kwa sababu kisanduku kimewekwa. Lakini PubMed Commons haikufa Mwanza. Ilikufa kwa Wamarekani na Waingereza wasioamkiana shikamoo. Huko nako mhakiki wa makala yako ya kesho ni huyo huyo unayemkosoa leo, na hakuna kamati ya kupandisha watu vyeo inayouliza umeandika maoni mangapi. Ushahidi ni PubPeer, iliyoanzishwa mwaka 2012, ambayo inamruhusu mtu kutoa maoni bila jina. Hiyo imedumu, na maoni yake yamesababisha makala kadhaa kufutwa, hasa zile zenye picha za maabara zilizochezewa. Ukiondoa jina, watu husema. Ukiondoa jina, bila shaka, wengine husema hovyo, na ndiyo maana majarida mengi bado yanaitazama PubPeer kwa jicho la pembeni.

Mazungumzo yenye nguvu yamekuwa yakitokea nje ya nyumba ambazo majarida yameyajengea. Tarehe 22 Mei 2020, The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua kumbukumbu za wagonjwa wapatao 96,000 wa UVIKO-19 kutoka hospitali 671 za mabara sita, na kuonyesha kwamba hidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kutibu ugonjwa huo, iliongeza vifo. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo. Wakati huo huo, katika Twitter, PubPeer na kurasa binafsi za watafiti, watu walikuwa wakiuliza hizo kumbukumbu zimetoka wapi. Barua ya wazi iliyosainiwa na zaidi ya watafiti 100 ilitaja, pamoja na mengine, takwimu za Afrika: makala ilimaanisha kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa bara hili walikuwa wametibiwa katika hospitali zenye kumbukumbu za kielektroniki za kina zilizounganishwa na kampuni moja ya Marekani iitwayo Surgisphere. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri faili la mgonjwa litafutwe kwenye rafu za hospitali ya wilaya angeweza kuwaambia wahakiki wa London kwamba hilo haliwezekani. Makala ilifutwa tarehe 4 Juni, siku 13 baada ya kutoka. Ubishi wa Mwanza na Rakai ungekuwa bado unatafuta stempu.

Tukio hilo linaeleza kwa nini majarida yanayaogopa na kuyahitaji mazungumzo haya kwa wakati mmoja. Kwa miongo mingi jarida lilikuwa mlinzi wa mlango. Tangu mwaka 1969, Franz Ingelfinger, mhariri wa New England Journal of Medicine, aliweka kanuni kwamba makala ambayo habari zake zimekwisha kutolewa kwingine haitapokelewa, na majarida mengi yakamfuata. Mtandao ulilegeza kanuni hiyo polepole, na mwaka 2019 ilipoanzishwa medRxiv, mahali pa kuweka makala za tiba kabla hazijahakikiwa, BMJ lenyewe lilikuwa miongoni mwa waanzilishi. Janga lilipokuja mwaka uliofuata, makala zilisomwa, zikashangiliwa na kukosolewa na umma kabla mhariri yeyote hajazigusa.

Sasa tufike kwenye kuhesabu, ambako ndiko kundi la yule tabibu linakopotelea. Kipimo cha zamani cha jarida ni kigezo cha athari: katika mwaka fulani, makala za miaka miwili iliyotangulia zimenukuliwa mara ngapi kwa wastani na makala nyingine. Ni kipimo cha taratibu, nacho kinahesabu tu watu wanaoandika makala. Muuguzi hanukuu. Mwaka 2010 kikundi cha watafiti kilitoa tamko kikidai vipimo mbadala vitokane na mitandao, na mwaka 2011 ikaanzishwa kampuni ya Altmetric, ambayo duara lake la rangi mbalimbali, mfano wa donati, sasa limebandikwa pembeni mwa makala nyingi za afya. Rangi moja ni ya magazeti, nyingine ya Twitter, nyingine ya kurasa za wazi za Facebook, na katikati kuna namba inayotokana na kujumlisha hayo kwa uzito tofauti, gazeti likiwa na uzito mkubwa kuliko ujumbe wa mtu mmoja.

Ukilielewa jinsi duara hilo linavyojazwa, utaelewa upofu wake. Programu hupita katika kurasa zilizo wazi kwa umma ikitafuta kiungo cha makala au namba yake ya DOI, ile namba ya kudumu inayoanza na 10 ambayo makala nyingi za majarida hupewa. Penye kiungo huhesabu, pasipo na kiungo hupita. WhatsApp haiko wazi kwa umma, ujumbe wake umefungwa kwa usimbaji kutoka simu hadi simu tangu mwaka 2016, na kinachotumwa humo kwa kawaida si kiungo bali faili lenyewe, kwa sababu faili hufunguka hata bando likiisha. Kwa hiyo mtu wa Boston anayeandika neno moja la kusifu pamoja na kiungo anahesabiwa, na watumishi wa wilaya nzima wanaojadili usiku kucha namna ya kuitumia makala hiyo hawahesabiwi. Namba hiyo haitofautishi pia sifa na kejeli, na kampuni yenyewe husema inapima kuangaziwa wala si ubora. Hayo ya pili husemwa mara nyingi. Hili la kwanza, la nani asiyeonekana kabisa, silisikii sana, na kwangu ndilo zito, kwa sababu wafadhili wanaosoma namba hizo huweza kudhani kwamba utafiti wa Kiafrika hausomwi Afrika.

Je, kwa wanaohesabiwa, zana hizi zinaongeza wasomaji? Sayansi ya afya ina sifa ya kupendeza hapa: ilizijaribu kama inavyojaribu dawa. Mwaka 2011 Gunther Eysenbach alionyesha katika jarida lake la Journal of Medical Internet Research kwamba makala zilizotajwa sana Twitter zilikuwa na uwezekano mara 11 zaidi wa kuja kunukuliwa sana. Wengi waliishia hapo, ingawa makala nzuri inaweza kuvuta Twitter na nukuu kwa sababu moja tu ya uzuri wake. Jarida la moyo la Circulation lilikwenda mbele zaidi. Liligawanya makala 243 kwa bahati nasibu, nusu zikatangazwa kwenye Facebook na Twitter na nusu zikaachwa, na matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalikuwa kwamba baada ya siku 30 hapakuwa na tofauti ya wasomaji. Mwaka 2020 mtandao wa madaktari wa upasuaji wa kifua ulifanya jaribio la makala 112, na zile zilizotangazwa zikanukuliwa zaidi ndani ya mwaka mmoja. Kisha mwaka 2024 wanasayansi wa ikolojia, waliofuatilia makala walizozitangaza kwa miaka mitatu, waliona zikipakuliwa zaidi lakini hawakuona nyongeza ya nukuu inayoweza kuthibitishwa. Ninavyousoma ushahidi huu, ukurasa wa jarida ukitangaza makala zake wenyewe unapuliza tarumbeta uani kwake. Kinacholeta tofauti, kama ipo, ni nani anayetangaza na anaaminiwa na nani.

Watafiti wa kanda hii wana ushahidi juu ya hilo, ingawa hawakuwa wakichunguza mitandao. Mwaka 2017 The Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika katika vijiji 16 vya kaskazini magharibi mwa Tanzania. Katika nusu ya vijiji viongozi wa dini walielimishwa juu ya tohara ya wanaume, na katika nusu nyingine huduma ilitolewa kama kawaida. Waliojitokeza kutahiriwa walikuwa asilimia 52.8 palipoelimishwa viongozi na asilimia 29.5 pasipoelimishwa. Huduma ilikuwa ile ile. Aliyebadilika ni msemaji. Kwenye kundi la WhatsApp la wilaya, msemaji huyo ni tabibu anayejulikana, aliyewahi kukaa zamu ya usiku na nusu ya wanakundi.

Kuna vizuizi ambavyo haviko mikononi mwa majarida. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na aliyetaka kuufungua akiwa Nyegezi au Igoma, hapa Mwanza, alilazimika kutumia VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao, ambayo nayo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilikwisha kuagiza mwaka 2023 kwamba wanaoitumia watoe taarifa. Jarida ambalo limeweka mazungumzo yake yote huko lilijikuta limewafungia mlango wasomaji wa Tanzania bila kukusudia. Vizuizi vingine ni vya majarida yenyewe. Mara ngapi nimebonyeza kiungo kilichotangazwa kwa mbwembwe, bando likaliwa na picha za tovuti, na mwishowe nikaambiwa nilipe dola thelathini na kitu ili nisome kurasa nane kuhusu kichocho cha Ziwa Victoria! Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwaka 2002, huwafungulia taasisi za nchi kama yetu makala nyingi bure au kwa ada ndogo, lakini mlango huo uko kwa taasisi. Mtu wa kituo cha afya kisiwani hana nywila ya chuo kikuu. Huomba faili kwa rafiki aliye hospitali ya Bugando, Mwanza mjini, na hapo safari ya PDF inaanza.

Halafu kuna lugha. Jarida kama Tanzania Journal of Health Research la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, linapatikana kwenye hazina ya majarida ya Afrika iitwayo AJOL, liko wazi, na linaandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kwa karibu majarida yote ya afya tunayoyasoma. Sioni ubaya kwa makala nzima kuwa hivyo. Lakini ikisiri ya picha yenye maneno arobaini ingeweza kutolewa kwa Kiswahili kwa gharama ya chai na vitumbua, na ndiyo ingefaa kutumwa kwa muuguzi ambaye kesho atasimama mbele ya wazazi kueleza neno “kingamwili”.

Zana ambayo ningeisifu kuliko zote, nayo haina mbwembwe, ni nembo ndogo ya Crossmark, ambayo majarida mengi huiweka katika ukurasa wa kwanza wa PDF tangu shirika la Crossref liilete mwaka 2012. Ukiibonyeza ukiwa na mtandao, inakupeleka kwenye taarifa inayokuambia kama makala hiyo imesahihishwa au imefutwa tangu faili lako lilipochotwa. Faili lenyewe halibadiliki. Aliyehifadhi ile makala ya hidroksiklorokwini tarehe 25 Mei 2020 bado anayo ikiwa safi, haina alama yoyote ya kufutwa, na anaweza kuituma kwa wenzake kesho asubuhi. Kwa watu wanaosoma kwa mafaili yanayopokezanwa mkono kwa mkono, nembo ile ni kamba inayoliunganisha faili na jarida lililolitoa.

Nilimweleza yule tabibu habari za nembo hiyo tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha mwembe nje ya kituo. Aliifungua PDF moja aliyokuwa nayo, akaitafuta, akaibonyeza, mzunguko ukazungukazunguka kwa sababu mtandao ulikuwa hafifu upande ule, kisha ukatokea ujumbe kwamba makala haijabadilika. Jioni ile aliandika katika kundi kwamba atakayetuma faili aweke na ile namba inayoanza na 10, ili mwenye bando aweze kuangalia. Nilipoonana naye mara ya mwisho alinionyesha kundi tena. Ujumbe wa juu kabisa ulikuwa faili jingine, halina namba, na chini yake ameandika maneno mawili: “Mkuu, namba?”